Mtoto na Sentensi: Jinsi Sarufi Ilivyoingia Shuleni

Piteni asubuhi karibu na shule ya msingi yo yote katika mashariki ya nchi yetu, msikilize dirishani. Mtasikia mwalimu akisoma sentensi aliyoiandika ubaoni: «Mtoto anasoma kitabu.» Kisha auliza: «Nani anasoma?» Wote kwa sauti moja: «Mtoto!» «Anasoma nini?» «Kitabu!» «Basi, neno mtoto ni nini katika sentensi hii?» Hapo sauti zinapungua. Wawili watatu waliokaa mbele wanajibu: «Kiima.» Wengine wanatazama meza. Na hao waliojibu, ukiwauliza kesho juu ya sentensi nyingine, labda watakuambia kwamba kiima ni neno la kwanza, kwa sababu jana lilikuwa la kwanza.

Desturi hii ya kuipasua sentensi mbele ya watoto, na kumpa kila kipande jina lake, imetoka wapi? Wazee wetu hawakuwa nayo, ijapokuwa walikuwa mabingwa wa kusema. Wala si Wabelgiji walioibuni. Ni desturi kuukuu kupita Ubelgiji, kupita hata lugha yenyewe ya Kifaransa. Yafaa tuifuate njia yake, kwani fundi asiyejua chombo chake kilitengenezwa kwa kazi gani, atakitumia kupasulia kuni hali kilikuwa cha kuchongea mlango.

Katika mji wa Roma, karibu mwaka 350, alikuwako mwalimu jina lake Donatus. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana Yeronimo, ndiye Mtakatifu Yeronimo aliyetafsiri Maandiko katika Kilatini. Yeye mwenyewe anamtaja Donatus kuwa mwalimu wake. Donatus aliandika vitabu viwili vya sarufi, kikubwa na kidogo. Kile kidogo kilikwenda kwa maswali na majibu, kama katekisimu. Kinauliza sehemu za usemi ni ngapi, kinajibu kuwa ni nane, kisha kinazipitia moja moja: jina, neno la badala ya jina, kitenzi, na nyingine.

Hapa tuangalie vema jambo moja. Watoto wa Roma walikijua Kilatini tangu kunyonya. Donatus hakuwafundisha kusema. Aliwapa majina ya vitu walivyokwisha kuwa navyo kinywani, ili waweze kuwasoma washairi wakubwa kama Virgil. Lakini miaka mingi baadaye, utawala wa Roma ulipokwisha kuanguka, kitabu kile kile kidogo kilipelekwa Airlandi na Ujerumani, kwa watoto ambao Kilatini hakikuwa lugha yao hata kidogo. Huko hakikuwa tena kioo cha kujitazama. Kilikuwa mlango wa kuingilia katika lugha ya kigeni. Chombo kimoja, kazi mbili, wala hakuna aliyekibadilisha. Kilienea hata jina «donat» likawa jina la kitabu cho chote cha wanaoanza, na Gutenberg alipoanza kupiga chapa vitabu katika mji wa Mainz, Donatus alikuwa mmoja wa wa kwanza kutoka mashineni.

Tena kile kitabu kidogo karibu hakisemi neno juu ya sentensi. Kinahesabu maneno tu, kama mtu anayehesabu matofali bila kuitazama nyumba. Aliyeandika kwa urefu juu ya namna maneno yanavyoungana ni Priscian, aliyefundisha Konstantinopoli karibu mwaka 500. Lakini sarufi yake ina vitabu kumi na vinane, na viwili vya mwisho tu ndivyo vyenye habari hiyo. Si mzigo wa kumtwika mtoto.

Sasa turuke zaidi ya miaka elfu moja, tufike mahali ambapo habari hii inatuhusu sisi kwa karibu.

Mwaka 1659 kilipigwa chapa mjini Roma kitabu cha Kilatini juu ya lugha ya Kikongo. Mwandishi wake alikuwa Padri Giacinto Brusciotto wa Vetralla, Mkapuchini wa Italia. Wakapuchini walikuwa wamefika katika ufalme wa Kongo mwaka 1645, na mji mkuu wake ulikuwa Mbanza Kongo, ambao leo uko kaskazini ya Angola. Hawakujifunza lugha peke yao. Mmoja wa waliowasaidia alikuwa padri mzaliwa wa huko huko, Manuel Roboredo, ambaye baba yake alikuwa Mreno na mama yake wa ukoo mkubwa wa Kongo. Baadaye yeye mwenyewe aliingia katika utawa wa Wakapuchini, akafa katika vita vya Mbwila mwaka 1665. Mimi naona si haki kumtaja yule mgeni aliyeandika, tukamwacha mwenyeji aliyeongoza masikio ya wageni.

Padri Brusciotto alikuwa amelelewa kwa Kilatini, na katika Kilatini neno hubadilika mkiani. Alipofika Kongo akaona jambo lililowashangaza wote wa namna yake: hapa neno hubadilika kichwani. Badala ya kulilazimisha likae katika nguo za Kilatini, aliyapanga majina kwa makundi kufuata mianzo yao, akaonyesha kwamba jina ndilo linalotawala, na kila neno linaloliandama hupigwa alama yake. Sisi tunaosema Kiswahili tunaelewa mara moja. «Kiti changu kimoja kimevunjika.» «Viti vyangu viwili vimevunjika.» Jina limesema ki, wote wamejibu ki, limesema vi, wote wamejibu vi. Ni kama mfalme anayepita na watu wake waliovaa nguo za rangi moja. Huo ndio uti wa mgongo wa sentensi zetu, na padri yule aliuona miaka mia mbili kabla ya wataalamu wa Ulaya kuanza kuzilinganisha lugha za Kibantu.

Mwaka uliofuata, 1660, kilitoka Paris kitabu kingine kidogo, kiitwacho kwa kawaida sarufi ya Port-Royal. Waliokitunga ni Antoine Arnauld na Claude Lancelot, watu wa monasteri ya Port-Royal, ambapo palikuwa na shule ndogo za watoto zilizosifiwa sana. Hawa walitaka kuitafuta sarufi ya akili ya mwanadamu, inayofaa kwa lugha zote. Wakasema kwamba sentensi ni hukumu ya akili: tunataja kitu, kisha tunakiri kwamba kitu hicho kiko hivi au hivi. Basi kila sentensi lazima iwe na vipande vitatu: kiima, neno la kuwa, na sifa. Na kama neno la kuwa halionekani, limejificha ndani ya kitenzi, sharti litolewe nje. Ukisema «Petro anaishi», akili yasema «Petro ni mwenye kuishi».

Kwa wanafalsafa ni fikira nzuri, sikatai. Lakini jaribu kuipeleka darasani. «Mvua inanyesha»: mvua ni yenye kunyesha. «Nitakupenda»: mimi nitakuwa mwenye kukupenda. Mtoto aliyekuwa na neno moja zuri lenye kila kitu ndani yake, yaani ni la msemaji, ta la wakati, ku la anayependwa, na pend la tendo, sasa ameambiwa kwamba neno lake si sentensi kamili mpaka liwekwe vijiti vya kuegemea.

Vitabu hivi viwili, vilivyoachana kwa mwaka mmoja tu, havikupata bahati sawa. Kile cha Port-Royal kikawa mwamba wa sarufi za shule za Ufaransa. Kile cha Kikongo kikasahauliwa na wengi, hata kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1882 kilitolewa kama kitu cha kale kilichofukuliwa. Sarufi za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuanza kuandikwa na wengine: Krapf mwaka 1850, Steere wa Unguja mwaka 1870, na Padri Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyeishi Unguja na Bagamoyo, alitoa sarufi yake kubwa mwaka 1909.

Turudi Ufaransa. Mwaka 1823 mabwana wawili, Noël na Chapsal, walitoa sarufi ya Kifaransa kwa ajili ya shule. Hicho ndicho kitabu kilichoamua, karibu kwa karne nzima, mtoto aitendee nini sentensi. Kilipigwa chapa tena na tena bila hesabu, na Chapsal akatajirika hata akanunua jumba la kifahari karibu na Paris. Ndani yake mna uchambuzi wa namna mbili: ule wa kutaja kila neno ni la aina gani, na ule wa kuigawa sentensi kwa kiima, neno la kuwa, na sifa, kama Port-Royal walivyofundisha. Kila siku, katika maelfu ya madarasa, watoto wa wakulima waliandika kwamba «ninapenda» maana yake «mimi ni mwenye kupenda».

Kwa nini walipewa kazi hiyo? Mwanahistoria Mfaransa André Chervel alijibu swali hili katika kitabu chake cha mwaka 1977, na jibu lake kwangu latosha. Asema sarufi ya shule haikubuniwa ili watoto waifahamu lugha yao, wala ili waseme vizuri. Ilibuniwa kwa ajili ya tahajia, yaani kuandika bila makosa. Tazameni wenyewe. Mfaransa asema «l'enfant chante», mtoto anaimba. Kisha asema «les enfants chantent», watoto wanaimba. Sikioni, tofauti iko katika lile neno dogo la mwanzo tu. Lakini katika maandishi, «enfants» lataka s ambayo haisikiki, na «chantent» lataka nt ambazo hazisikiki. Mtoto atajuaje kuziweka? Masikio hayamsaidii. Sharti asimame, ajiulize: nani anaimba? Ni wengi? Basi kitenzi nacho kiwe cha wengi. Na kuna sheria ngumu kupita hiyo, ile ya kusema maua «que j'ai cueillies», niliyoyachuma, ambapo mtoto lazima atambue ni kitu gani kilichochumwa, na kama kimetajwa kabla ya kitenzi au baada yake, ndipo aandike herufi mbili ambazo hakuna sikio litakalozisikia.

Hapo kiima na mtendwa wana kazi. Ni dawa ya ugonjwa halisi. Sheria ya waziri Guizot ya mwaka 1833 ilipotaka kila komuni ya Ufaransa iwe na shule yake, jeshi zima la walimu lilihitajiwa, na mtihani wao, kama wa wanafunzi wao baadaye, ulikuwa dikte. Sarufi ikawa mtumishi wa dikte.

Sasa dawa hiyo ilivuka bahari, ikaletwa kwa watoto ambao hawana ugonjwa huo. Msikilizeni mtoto wa Kiswahili: «mtoto anaimba», «watoto wanaimba». Kila kitu kinasikika. Anayesema sawasawa na kuijua herufi ataandika sawasawa, bila kumtafuta kiima kwa taa. Kumfundisha kumtafuta kiima ili aandike wa ni kumpa fimbo mtu mwenye miguu mizima.

Lakini nisiwe mwepesi mno. Katika miji yetu, na zaidi huko Lubumbashi na Katanga yote, Kiswahili cha nyumbani si kile cha vitabu. Mtoto atoka kwao akisema «batoto», akisema «bitabu yangu iko wapi?» Shuleni anakuta «vitabu vyangu viko wapi?» Wako walimu wanaomcheka kwa ajili hiyo, wakisema lugha yake imevunjika. Wanakosea. Usemi wake una kanuni zake, na watu wa kwao wote wanazishika. Ile y inayofuata majina mengi haikuingia kwa uvivu. Walakini kitabu kinataka upatano mwingine, na mtoto huyu anahitaji msaada ambao mwenzake wa Unguja hauhitaji. Basi sarufi kwake ina kazi, lakini si ile ya Chapsal. Kazi yake ni ile aliyoiona Padri Brusciotto: kumwonyesha jina linalotawala na alama yake inavyowapitia wote.

Wakati Chapsal alipokuwa akiwashinda watu kwa vitabu, aliishi Uswisi padri mmoja aliyeiona njia nyingine. Jina lake ni Grégoire Girard, Mfransisko, mzaliwa wa mji wa Fribourg, mwaka 1765. Tangu mwanzo wa karne ile ya kumi na tisa alikabidhiwa shule za msingi za mji wake. Zilikuwa shule za watoto wote, maskini na matajiri, na wengi walikuja na lugha ya nyumbani iliyo mbali na Kifaransa cha vitabu, kama watoto wetu. Mwaka 1809 alitumwa pamoja na wenzake kuikagua shule mashuhuri ya Pestalozzi huko Yverdon. Aliistahi kazi ya mzee yule, lakini aliona kwamba hesabu imepewa nafasi kubwa mno pale, na lugha ya mama haikupata haki yake.

Girard alianza na swali lililo rahisi: mama humfundishaje mtoto kusema? Hamfundishi kwanza majina, halafu vitenzi, halafu viungo. Humwambia sentensi nzima, tena sentensi yenye maana kwao wawili: uji ni wa moto, baba amerudi, usiguse. Mtoto hupata sarufi akiwa anatafuta maana. Basi shule nayo ifanye hivyo, ila kwa utaratibu zaidi. Girard hakutaka watoto wakariri kitenzi peke yake, ninapenda, unapenda, anapenda, kama kasuku. Alitaka wakibadilishe ndani ya sentensi nzima yenye habari. Aliwapa jambo la kufikiri, la nyumbani, la shambani, la Mungu na jirani, nao wakatunga sentensi juu yake. Kwanza fupi, kisha zilizounganishwa kwa «kwa sababu», «ingawa», «ili». Kwake kila kiungo kilikuwa hatua ya akili. Mtoto asiyeweza kuunganisha sentensi mbili kwa «ingawa», bado hajaweza kuwaza kwamba mambo mawili yanapingana na yote mawili ni kweli. Sarufi haikufukuzwa, ilikaa nyuma ya fikira, ikiitumikia.

Tena, kwa kuwa watoto walikuwa wengi na walimu wachache, aliwaweka wakubwa kuwafundisha wadogo kwa makundi. Njia hiyo ndiyo iliyomletea taabu. Wako waliohofu kwamba shule ya namna hiyo inapunguza heshima ya mwalimu na kulegeza dini, na askofu wa Fribourg akawa upande wao. Mwaka 1823 njia yake ilikatazwa, naye akaondoka mjini, akaenda Lucerne. Angalieni: mwaka ule ule Noël na Chapsal walitoa kitabu chao. Girard alirudi kwao uzeeni, na mwaka 1844 akatoa kitabu cha kueleza njia yake ya kufundisha lugha ya mama, na Akademi ya Ufaransa ikakipa tuzo. Alifariki mwaka 1850. Miaka kumi baadaye watu wa Fribourg walimsimamishia sanamu mjini. Vitabu vya Chapsal vilikuwa vikiuzwa bado.

Kwetu Kongo mambo yalikwendaje? Mpango wa mwaka 1929 uliziweka shule za misioni zilizopata msaada wa serikali chini ya programu moja. Watoto wa madarasa ya chini walifundishwa kwa lugha za wenyeji, na Kifaransa kikaja polepole. Lakini walimu walifunzwa katika mapokeo ya Kifaransa, na mapokeo hayo yalikuwa uchambuzi na dikte. Ubelgiji ndiko alikotoka Maurice Grevisse, ambaye kitabu chake kinene, «Le Bon Usage», kilitoka Gembloux mwaka 1936 na kuwa hakimu wa kila ugomvi wa Kifaransa. Ni kitabu cha kuheshimiwa. Ila ni cha kumpa mwalimu, si cha kummiminia mtoto wa miaka minane. Baada ya uhuru, mwaka 1962, Kifaransa kikawekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwaka wa kwanza. Mwaka 1974 lugha za taifa zikarudishwa katika madarasa ya chini. Na sheria ya elimu ya mwaka 2014 yasema kwamba lugha za taifa au lugha za mahali zitumike katika shule za msingi. Yaani mara tatu katika maisha ya mtu mmoja, mtoto wa Kongo amebadilishiwa lugha ya darasa. Lakini mwulize babu, mwulize mjukuu: ubaoni wote wawili walikuta maswali yale yale, nani? nini? nani? nini?

Je, maswali hayo yanazaa matunda? Wako waliopima. Mwaka 1947 mtaalamu mmoja wa Scotland, Macauley, alitoa habari za watoto waliomaliza shule ya msingi baada ya kufundishwa aina za maneno kwa miaka mingi, karibu kila siku. Aliwapa sentensi nyepesi, wataje jina, kitenzi, sifa. Walio wengi mno hawakufikia hata nusu. Mwaka 1963, huko Marekani, Braddock na wenzake walikusanya uchunguzi wote waliouona wa kuaminika, wakakata neno: kufundisha sarufi ya majina na kanuni hakumsaidii mtoto kuandika, na pengine kunamrudisha nyuma, kwa kuwa kunakula saa za kuandika kwenyewe. Huko New Zealand wanafunzi wa sekondari walifuatwa miaka mitatu. Habari zao zilitolewa mwaka 1976, na waliosoma sarufi hawakuwapita katika kuandika wale ambao hawakuisoma. Juzi juzi, mwaka 2022, Uingereza ilipata jibu karibu na hilo kwa watoto wa miaka sita na saba, katika shule 70: hadithi walizoziandika hazikuwa bora kuliko za wenzao.

Wote hao walipima Kiingereza. Mimi siwezi kuchukua hukumu yao nikaibandika juu ya Kiswahili kama stempu. Lakini kuna zoezi moja ambalo wapimaji hao hao wameliona likizaa matunda: kuwapa watoto sentensi fupi fupi na kuwaambia waziunganishe. Graham na Perin, waliokusanya majaribio mengi ya Marekani mwaka 2007, waliliweka kati ya mambo yanayosaidia, na sarufi ya majina matupu wakaiweka upande wa pili. Padri Girard asingeshangaa.

Na lugha yetu kwa kazi hiyo ni tajiri kuliko Kiingereza. Andika ubaoni: «Mama alikwenda sokoni. Mama alinunua samaki. Samaki walikuwa wabichi.» Waambie watoto wafanye sentensi moja. Mmoja atasema: «Mama alikwenda sokoni akanunua samaki wabichi.» Mwingine: «Mama alipokwenda sokoni alinunua samaki wabichi.» Wa tatu, kama ni hodari: «Samaki aliowanunua mama sokoni walikuwa wabichi.» Ziandike zote tatu, kisha uliza: zinasema jambo moja? Watakuambia hapana. Ya kwanza yasimulia safari ya mama. Ya tatu yasema habari za samaki, na mama ameingia pembeni tu. Ile ka, ile po, ile o, kila moja imefanya kazi yake mbele ya macho yao, na hakuna aliyetaja jina lake. Zoezi hili halihitaji kitabu. Mwalimu mwenye watoto sitini na kipande kimoja cha chaki aweza kulifanya, na hilo si jambo dogo, kwa kuwa njia nyingi nzuri za Ulaya hufa kwetu kwa kukosa karatasi.

Kwa upatano wa maneno, dawa ni kubadilisha mfalme. «Kisu kile kikali kimepotea.» Mwalimu ataja: shoka! Darasa: «Shoka lile kali limepotea.» Mashoka! «Mashoka yale makali yamepotea.» Mundu! «Mundu ule mkali umepotea.» Iende mbio, kama mchezo wa mpira. Mtoto wa «bitabu yangu» atakosea, atasikia wenzake, atarudia, bila mtu kumcheka. Baada ya wiki chache mpeni hili: «Kiboko amelala mtoni. Kiboko kimelala mezani.» Watacheka, kwani mmoja ni mnyama, na mwingine ni mjeledi wa ngozi ya mnyama huyo, ambao babu zetu waliujua mgongoni. Wakimaliza kucheka, uliza wamejuaje. Hapo wataona kwamba umbo la jina si mfalme peke yake. Mwenye uhai ana cheo chake, hata akivaa ki.

Mwisho, kwa wakubwa, yako matatu haya: «Watoto wamejaa shuleni. Shule imejaa watoto. Shuleni kumejaa watoto.» Ukiuliza «nani amejaa?» kwa njia ya zamani, swali litakukwama kooni katika sentensi ya tatu. Watu wa Port-Royal hawana jibu kwa ku hii. Waache watoto waitafute. Atatokea mmoja, labda si yule wa mbele, atakayesema kwamba ku inamjibu shuleni, kwamba mahali penyewe ndipo panaposemwa habari zake. Jina la kiima laweza kungoja mpaka mwaka wa nne.